Tunaolea watoto wadogo Uganda: tusisubiri wakue ndipo tuwapeleke kwa bibi zao

Baba wa Kansanga

Habari za usiku wakuu.

Nawaandikia watoto wakiwa wamelala, mke wangu yuko chumbani anakunja nguo za safari ya wiki ijayo. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauelekeza kwa wenzangu tunaolea watoto wadogo huku Uganda, ambao kila wazee wakipiga simu jibu letu ni lile lile: "Tutakuja, ngoja mtoto akue kidogo."

Mimi ni mtu wa Bukoba, huu ni mwaka wangu wa tisa Kampala. Mke wangu ni Mganda wa Masaka. Tuna binti wa miaka mitano na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa Aprili 2023. Wapendwa wetu karibu wote wako kwenye barabara moja. Ukitoka Kampala, kilomita kama 130 uko Masaka kwa wakwe zangu. Ukiendelea kupitia Kyotera unafika mpakani Mutukula, na ukishavuka, kilomita kama 80 uko Bukoba kwa mama yangu. Barabara moja tu, na bado ilitushinda zaidi ya mwaka mzima.

Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe alikuja mwenyewe Kampala akakaa na sisi mwezi na nusu. Alimwogesha, alimkanda mke wangu kwa maji ya moto, alimwimbia mtoto nyimbo ambazo mpaka leo binti anaziimba bila kujua alizitoa wapi. Mtoto wa pili alipozaliwa mama mkwe hakuweza kusafiri, macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Ana presha ya macho. Kwa hiyo ikawa zamu yetu kwenda.

Tukapanga Mei mwishoni. Mtakumbuka Mei 2023 mafuriko yalivyokata daraja la Katonga, magari ya Masaka yakawa yanazungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule hadi Villa Maria. Kwa kichanga ule mzunguko haukuwezekana, na mama alielewa. Shida yangu si daraja. Shida ni kwamba daraja lilitengenezwa, magari yakarudi njia yake, na sisi hatukwenda. Tukasema anaota meno. Tukasema ana mafua. Tukasema tusubiri aache kunyonya usiku, kisha tusubiri atembee. Kila sababu ilikuwa ya kweli siku tuliyoitoa.

Tulifika Masaka Agosti 2024. Mdogo alikuwa na mwaka na miezi minne, na mama mkwe hakuwa anaona tena.

Kwa wasiojua mila za huku: kwa Waganda mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawashikani mikono wala hawakaribiani. Ni jambo la obuko, na wazee wanalichukulia kwa uzito. Kwa hiyo sikuweza kumpa mtoto mkononi. Nilimshusha mtoto kwenye mkeka karibu na mlango, shemeji yangu akambeba akamweka mapajani mwa bibi yake. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili. Akapapasa paji la uso, akashuka kwenye nyusi, akafika masikioni akasimama hapo. Akasema kwa Kiganda kwamba masikio ni ya babu yao. Halafu akauliza, "Akicheka anafanana na nani?"

Nyumba nzima ikanyamaza. Mke wangu alitoka nje.

Dada yake mkubwa alionwa na bibi, huyu alipapaswa. Kati yao hakuna kilichotokea ila sisi kuahirisha. Ndiyo maana nimeandika uzi huu.

Sasa niseme tunavyofanya siku hizi, kwa sababu kumwambia mtu "nenda" bila kumwambia unakwendaje ni kazi bure. Tumegundua kwamba safari na mtoto mdogo inawezekana ukiipunguza hadi itoshe umri wake. Zamani nilikuwa napanga kama kijana asiye na mtoto: tufike Masaka, tusalimie ukoo mzima, Jumapili tuingie Bukoba, Jumatatu kazini. Siku hizi ni nyumba moja, usiku mmoja au miwili, basi. Shangazi wa Nyendo atasalimiwa safari nyingine, na nampigia mapema kumwambia hivyo ili asije akasikia tulipita mjini kimya kimya.

Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Watoto tunawabeba wakiwa usingizini, wamevaa nguo za kulalia, tunawaweka kwenye viti vyao. Tunapita Busega na Kyengera kabla foleni haijafunga. Wakiamka tuko karibu na Kayabwe, na hapo ndipo kituo chetu cha pekee. Ni pale mstari wa ikweta unapokatiza barabara. Binti yangu anasimama mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini, na kila safari anataka apigwe picha ile ile. Kuna vijana wanaoonyesha maji yakizunguka kwenye beseni upande huu na upande ule. Mniruhusu niseme: mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni dogo kiasi kile, ni jinsi yanavyomiminwa tu. Lakini mtoto wa miaka mitano akiuliza "kwa nini yanazunguka?" umepata mazungumzo ya kukufikisha Lukaya.

Lukaya mnaijua, ukisimama tu dirisha limejaa kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma). Watoto nawanunulia gonja inayotoka motoni palepale. Kuku sina hakika amekaa kwenye kijiti tangu saa ngapi, kwa hiyo kuku ni wa watu wazima.

Zawadi hatupungukiwi: sukari, sabuni, mkate, nyama kilo mbili, chumvi. Na usije ukadhani utarudi na buti tupu, maana entanda (vitu vya kuondoka navyo) ni lazima: mkungu wa matoke, maparachichi, safari moja jogoo mzima miguu imefungwa. Binti yangu sasa anajua kwamba ukitoka kwa Jjajja (bibi) unatoka umebeba.

Naomba na ninyi mseme mnavyofanya. Hasa wenye watoto chini ya miaka mitano.

Kijana wa Ntinda

Mkuu umeniliza. Nampigia mama yangu sasa hivi.

Mama wa Ggaba

Baba wa Kansanga, pole sana na ya mama. Mungu amtunze.

Ila kaka yangu naomba niseme lisilosemwa, maana nyuzi kama hizi zikiandikwa na akina baba zinaruka hapa. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi saba. Nikisikia "twende kwa wakwe" moyo unapiga. Nawapenda wakwe zangu, tena sana. Ninachokiogopa ni kazi. Baba akifika kwao anawekewa kiti chini ya mwembe, anazungumza na kaka zake mpaka jua linazama. Mimi nikishuka garini na mtoto mgongoni napokelewa na kisu na rundo la matoke ya kumenya. Mtoto analia, ugenini hataki kwenda kwa mtu, titi linauma, na moshi wa kuni unaniingia machoni. Siwezi kukataa kwa sababu mkamwana asiyeingia jikoni atasemwa mpaka mazishi yake. Jioni tunarudi, mume anasema "leo tumepumzika vizuri."

Mimi ndiye nilikuwa nasema "ngoja akue." Na sikuwa nafikiria meno ya mtoto. Nilikuwa nimechoka.

Kwa hiyo kabla ya kuambiana tuwapeleke watoto kwa bibi zao, tuulizane ni nani atambeba huyo mtoto akishafika.

Baba wa Kansanga

Dada, nimesoma mara mbili, na mke wangu nimemsomea. Amesema "huyo ni mimi kabisa."

Kweli tupu. Safari ya kwanza ya binti, mwaka 2019, mimi nilikaa chini ya mti huo huo unaousema. Kilichobadilika ni vitu viwili. Kwanza, kwetu sasa mtoto ni wangu kuanzia tunapowasha gari mpaka tunapozima nyumbani: pampasi, uji, kumlaza mchana. Mara ya kwanza ndugu wa mke wangu walishangaa kuona mwanamume anabadilisha mtoto barazani, wakacheka, wakazoea. Pili, nampigia shemeji siku mbili kabla nikamtumia hela ya nyama na ya mtu wa kusaidia jikoni. Nikifika na nyama mbichi saa tatu asubuhi, nimemletea mke wangu kazi. Nikituma mapema, tunakuta chungu kimeshapanda.

Kwetu Bukoba au kwa wakwe zako hali inaweza kuwa nyingine, lakini mume ndiye wa kusema na mama yake. Usimwachie mkeo aseme.

Mama wa Ggaba

Hapo kwenye kusema na mama yake ndipo penyewe. Nashukuru. Wangu anausoma huu uzi usiku wa leo.

Nesi wa Makindye

Naomba nichangie ya afya, maana naona watu wengi wanaahirisha kwa hofu ya magonjwa, na wengine wanasafiri bila hofu yoyote. Tukae katikati.

Kichanga wa chini ya miezi miwili, kama wazee wanaweza kuja kwako ni bora waje. Wakija wanawe mikono kwanza, na mwenye mafua asimbusu mtoto hata akiwa babu mzaa baba. Mwambie kwa upole, mletee maji na sabuni mwenyewe, yeye akiwa ameketi. Mzee akiletewa maji anajiona amekaribishwa.

Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Hapa ndipo ugomvi na bibi unapoanzia, anasema "mtoto ana kiu, mpe maji" au anamlambisha mchuzi. Sijawahi kuona bibi aliyeshindwa kwa mabishano. Ninachowashauri akina mama ni kumpa bibi kazi yake kwa mtoto: yeye amwogeshe, yeye ampake mafuta, yeye ambembeleze alale. Bibi mwenye kazi hatafuti kijiko. Asali nayo isimguse mtoto kabla ya mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la kichanga haliwezi kuvishinda.

Chandarua beba chako, hata kama umeambiwa kule vipo. Kinakunjwa kinaingia kwenye mfuko wa nepi. Na sikilizeni hili: mtoto akipata homa wiki moja au mbili baada ya kurudi kijijini, wakati mwingine zaidi, usiseme ni meno wala uchovu. Mpeleke apimwe malaria, na mwambie mhudumu kwamba mlisafiri na mlilala wapi. Malaria haionekani siku uliyoumwa na mbu. Watu wanasahau safari, wanapoteza siku tatu wakimpa panadol.

Akiharisha njiani, pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji) ni nyepesi, weka tatu kwenye mkoba. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Umpe kidogo kidogo. Usizidishe chumvi. Akilegea, macho yakididimia, au akikataa kunyonya, hiyo siyo ya kutibia nyumbani.

Mnaovuka Mutukula: kadi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi 9, na Uganda iliiingiza kwenye ratiba ya kawaida ya watoto mwaka 2022, kwa hiyo wengi wenu watoto wameshapata, kilichobaki ni kufuatilia kadi. Na kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Dereva wa Masaka Road

Nesi amesema ya nyumbani, mimi niseme ya barabarani. Miaka kumi na mmoja naendesha njia hii. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Nawaomba. Breki moja ya ghafla na mikono yako haimshiki, hata uwe na nguvu kiasi gani. Kiti chake nyuma, mkanda umefungwa. Vya mitumba vipo, angalia tu mikanda yake ni mizima.

Na usiku msitembee, hasa Desemba. Malori yanaharibika yanaachwa palepale barabarani bila taa. Ukiona saa kumi na mbili jioni uko Masaka na hujaondoka, lala Masaka. Bosi atakuelewa Jumatatu.

Mzee Kijana

Nimesoma yote kwa heshima, ila wengi mnazungumza kama watu wenye gari. Mimi nina watoto wanne, nauza vyuma Katwe. Muhula wa tatu unaisha, Februari ada. Kwenda kwetu na familia nzima ni nauli ya watu sita kwenda na kurudi, zawadi, na siku mbili bila mauzo. Wazazi wangu wananimiss, najua. Nawamiss zaidi. Lakini upendo hauwezi kulipa teksi.

Baba wa Kansanga

Ndugu yangu, sikukusudia kukuumiza, na nimekosa kutolitaja hilo. Gari tumepata mwaka jana tu. Kabla ya hapo tulikuwa tunakwenda na teksi (daladala za huku) kutoka paki, binti mapajani, na teksi haiondoki mpaka ijae. Nilijifunza kumlipia mtoto kiti chake japo kondakta anasema mpakate. Ni hela, ndiyo, lakini mtoto aliyekaa kwenye kiti analala, anayepakatwa katikati ya watu anatapika.

Kwa familia ya watu sita, je, lazima waende wote? Sisi kuna mwaka nilikwenda na binti peke yake. Bibi alipata siku mbili za mjukuu mmoja bila kugawana na mtu. Anazizungumzia mpaka leo.

Mzee Kijana

Hilo la mmoja mmoja sikuwahi kulifikiria. Wa tatu ndiye mama yangu hajamwona. Nitaangalia Krismasi.

Dada wa Bukavu

Mie niko Katwe pia, Mzee Kijana, tuko majirani bila kujuana.

Niwaambie wenzangu, kuna sisi ambao bibi hayuko upande wowote wa barabara. Mama yangu alibaki Bukavu. Watoto wangu wanamjua kwa simu, wanajua kikohozi chake na jinsi anavyosema "allô" kwanza hata kama ameshasikia. Mpendwa niliye naye Uganda ni dada yangu mmoja, yuko kambi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Naenda mara moja kwa mwaka. Basi mpaka Mbarara ni karibu kilomita 270, halafu kuna gari nyingine ya vumbi. Mwaka juzi basi moja lilituambia linatoka saa moja asubuhi, likatoka saa tano. Watoto watatu kwenye basi lililosimama masaa manne, jua linapiga kioo. Chakula cha njia chote kikaisha tukiwa bado Kampala. Tangu siku hiyo nabeba chakula cha safari mbili.

Lakini nikifika! Dada yangu anaandaa foufou na sombe (kisamvu), watoto wangu na wa kwake wanalala wote kwenye mkeka mmoja, na hapo ndipo nasikia wangu wanaongea Kiswahili chetu bila kuchanganya. Huku mjini wanaongea Kiganda na Kiingereza, Kiswahili wanajibu kwa neno moja moja. Siku tatu za binamu zinafanya kazi kuliko mwaka mzima wa mimi kuwakemea.

Na hapa mtaani nimewapa bibi. Kuna mama mmoja mzee jirani yetu, Mganda, wajukuu wake wako mbali. Jumapili baada ya kanisa tunampelekea sahani, anakaa na wadogo saa moja. Hatukupanga, ilianza tu siku mvua ilipotukuta barazani kwake. Watoto wanamwita Jjajja.

Baba wa Kansanga

Dada, hilo la lugha ni kilio changu. Mama yangu Bukoba anaongea Kihaya na Kiswahili, binti yangu alimjibu kwa Kiganda. Mama alicheka akasema Kihaya na Kiganda ni ndugu, watasikilizana, lakini niliona amejitahidi. Kiswahili kimo kwenye Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Mtoto wa mjini kwangu atakipata wapi kama si kwa bibi yake? Tangu hapo nimeamua kila jioni simu ya Bukoba ni ya binti, sitafsiri.

Ssalongo wa Mukono

Nimechelewa, watoto mapacha wenye miaka mitatu hawamwachi mtu ashike simu.

Mmezungumza ya kwenda kwa wazee. Sisi tunafanya kinyume, tunawaleta wazee tukatembee nao. Baba yangu ana miaka 74, goti bovu. Mwezi wa nane tulimchukua pamoja na mapacha tukaenda Entebbe kwenye bustani ya wanyama. Mzee akatuambia alipelekwa pale akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi! Pale palianza 1952 kama mahali pa kulelea wanyama yatima na waliojeruhiwa, wakati baba yangu ni kitoto cha miaka miwili, na 1994 pakawa kituo cha elimu ya wanyamapori. Alikuwa anawaonyesha mapacha twiga kama ni wa kwake.

Tulijifunza haya. Unaingia mapema, saa tatu, kabla jua halijawa kali na kabla mabasi ya shule hayajafika. Usiahidi kuona kila kitu. Tuliona twiga, sokwe, na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, kisha tukakaa chini ya mti masaa mawili. Mzee alipumzisha goti, mapacha wakalala kwenye kitenge. Saa saba tukaondoka kila mtu bado ana furaha. Chakula kifungeni kwenye chombo chenye mfuniko, tumbili wa pale hawaombi, wanachukua. Pacha mmoja alinyang'anywa ndizi mkononi akalia mpaka babu yake akampa saa yake ashike.

Barabara ya kulipia ya kwenda Entebbe ni shilingi 5,000 kwa gari dogo, na kwa mtoto anayetapika kwenye foleni ya barabara ya zamani ni hela halali. Kama huna ya kiingilio cha wanyama, bustani ya mimea iko jirani tu, ya tangu 1898, miti mikubwa ajabu, mbega wanaruka juu, nyasi tele za kukimbilia.

Jambo moja tulikosea. Tulipitia ufukwe mmoja hapo karibu, tukaambiwa ziwa ni salama, watoto wachezeshe miguu tu. Tukawaacha. Baadaye hospitali ndipo nilipoelezwa kuhusu kichocho.

Nesi wa Makindye

Ssalongo, asante kwa kulitaja. Ziwa Victoria lina kichocho, na "miguu tu" inatosha. Minyoo yake inatoka kwa konokono walioko kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, ndipo hapo hapo watoto wanapopenda kuchezea. Inapenya kwenye ngozi nzima, haihitaji kidonda. Wacheze mchangani, ndoo ya maji ya bomba iwe pembeni. Na waliokwisha kuingia wapimwe, dawa ipo.

Mama wa Ggaba

Kwa wa mjini kabisa niongeze Makumbusho ya Uganda, Kira Road, ilianza 1908. Ndani kuna ngoma na zeze za makabila, nje kuna nyumba za asili za sehemu mbalimbali za nchi. Nilimpeleka mama mkwe. Aliinama akaingia kwenye nyumba moja ya nyasi, akawaonyesha watoto mahali mama yake alipokuwa anaweka jiwe la kusagia. Sikuwahi kumsikia akizungumza kuhusu mama yake, na nimeolewa miaka minane.

Na hakukuwa na jiko. Tulikula chapati na mayai tuliyobeba.

Kijana wa Ntinda

Nimempigia mama. Tumepanga tarehe saba.

Baba wa Kansanga

Wakuu, narudi. Tumetoka Masaka jana.

Hatukujua kama tungekuta msimu wa nsenene (panzi wa kuliwa), lakini Ijumaa usiku zilishuka. Mnaojua Masaka mnajua: taa kali zimewashwa juu ya mabati na mapipa yamepangwa chini. Kijani kila mahali, juu ya taa mpaka kwenye nywele za watu. Binti yangu alikimbia na kopo mpaka saa nne usiku, sikuwa na moyo wa kumwambia akalale.

Asubuhi kazi ya kunyonyoa ikaanza. Mabawa, miguu, antena, kimoja kimoja, sinia kubwa katikati ya mkeka. Na mama mkwe akasema aletewe.

Vidole vyake ndivyo vilikuwa vya haraka kuliko vya mtu yeyote pale. Haangalii, anachukua, anavuta mara mbili, anatupa kwenye bakuli. Binti akakaa kando yake, anamletea nsenene kwa mkono na kumwambia hii ya kijani, hii ya kahawia, na bibi anamwambia hii dume, hii jike, kabla hajaambiwa lolote. Mdogo alikuwa kati ya miguu yao anakula mabawa. Nesi, nilimtoa mdomoni.

Mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu. Mdogo akapata kicheko, kile cha kukata pumzi, sijui nini kilimfurahisha, labda nsenene iliruka. Mama akasimamisha mikono, akamwuliza binti, "Hebu niambie. Anafanana na nani?"

Binti akamtazama mdogo wake kwa makini, akajibu kwa Kiganda, "Na wewe, Jjajja. Meno ya mbele."

Mama akagusa meno yake mwenyewe kwanza, ndipo akanyosha kidole kwenye yale ya mtoto.

Tumerudi na matoke, maboga mawili, na makopo mawili ya nsenene zilizokaangwa kwa chumvi na kitunguu. Moja limefungwa kwa gazeti na kamba ya mgomba, hilo haliguswi. Ni la mama yangu Bukoba. Hati za watoto ziko tayari, kadi za manjano nimezipata chini ya godoro, na tunavuka Mutukula tarehe 21.

Mwenye swali la njia au mpaka aulize kabla ya hapo, nitajibu watoto wakilala.